Fleti ya kupangisha: hesabu, hati na haki za warithi

Ukipita leo katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni, utaona kwamba ile nyumba ya Kiswahili tuliyoizoea, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani wenye jiko na bafu, imebaki kama mgeni katika mtaa wake yenyewe. Ubavuni mwake yamesimama majengo ya ghorofa nane, kumi, na wakati mwingine zaidi. Mzee aliyeijenga nyumba ile alikaa vyumba viwili na familia yake, akapangisha vinne, na pango la vyumba hivyo ndilo lililosomesha watoto na kumfikisha Makka. Wajukuu wake leo wanataka kufanya jambo lile lile, yaani kujiwekea kipato cha halali kisichotegemea nguvu za mwili. Tofauti ni kwamba chumba kimekuwa fleti, uani umekuwa ngazi ya watu wote, na mapatano ya mdomo mbele ya dalali yamekuwa mkataba wa kurasa arobaini uliosukwa na mwanasheria wa upande wa pili.

Sisi tulio katika kamati za misikiti huletewa makaratasi hayo baada ya swala ya Isha, mara nyingi ndani ya bahasha ya kaki, na mara nyingi yakiwa yamekwisha kutiwa saini. Anayekuja huwa mmoja wa watu wawili. Wa kwanza ni mstaafu au mfanyabiashara mwenye akiba yake, aliyeonyeshwa fleti katika jengo jipya na kuambiwa kuwa itamlipa yenyewe. Wa pili ni mrithi: baba amefariki, kiwanja kipo mjini, na mwekezaji amebisha hodi. Tumeona ni vyema tukayaandika hapa yale tunayowaeleza, ili familia ziyasome kabla ya kalamu kushikwa.

Kwanza tuseme kwamba kupangisha fleti si jambo geni katika mji huu. Majengo ya Kisutu na Upanga, ambayo mengine yana mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya mlango, yalijengwa na familia zilizochanga fedha kwa ajili ya pango. Sheria ya mwaka 1971 ikayatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilianzishwa mwaka 1962. Ndiyo maana watu wa umri wa wazazi wetu waliijua fleti kama kitu cha kupanga kwa Shirika. Kuimiliki fleti moja ndani ya jengo la watu wengi ni jambo ambalo sheria yetu imelipa mlango wake hivi karibuni tu.

Mlango huo ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Zanzibar ina sheria yake ya kondominiamu ya mwaka 2010, na jirani zetu wa Kenya waliitunga upya ya kwao mwaka 2020. Kabla ya hapo hati ilikuwa ya kiwanja, na aliyenunua ghorofa ya tatu alikuwa na mkataba mkononi na matumaini moyoni. Kwa mujibu wa sheria hii, jengo hupimwa na kuchorewa ramani ya sehemu zake, kisha kila sehemu hupewa hati yake ambayo mwenyewe anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka wakfu. Vile visivyogawika, yaani ngazi, lifti, paa, tangi la maji, kuta za nje na maegesho, huwa mali ya pamoja ya wamiliki wote kwa mafungu, na wamiliki hao huunda umoja wao wa kuyasimamia na kuyachangia.

Basi anayenunua fleti ananunua vitu viwili kwa pamoja: chumba chake na ushirika na majirani asiowachagua. Hiki cha pili hakionekani siku unapoonyeshwa vigae na makabati ya jikoni. Ukitaka kukiona, nenda siku ya kazi saa kumi na mbili jioni, usimame chini ya jengo ambalo limekwisha kukaliwa miaka mitano. Tazama kama lifti inafanya kazi. Tazama akina mama wanapandisha nini ngazini; wakipandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya nne, jua kwamba pampu imeharibika na hakuna aliyekubali kuchanga. Muulize mlinzi amelipwa lini mara ya mwisho. Jengo ambalo wamiliki wake hawana umoja uliosajiliwa huzeeka haraka kuliko mwenye nyumba, na mpangaji mzuri huwa wa kwanza kuhama.

Kuhusu hati, neno tunalolisikia sana ni kwamba "hati iko njiani". Inaweza kuwa njiani kweli, lakini njia hiyo yaweza kuwa na urefu wa miaka kumi. Anayeuza fleti bila hati ya sehemu anakuuzia ahadi, na bei ya ahadi haipaswi kulingana na bei ya mali. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati ili mjue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, kama kimewekwa rehani, na miaka mingapi imebaki. Ardhi yetu ni ya umma, na hati hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Fleti iliyo juu ya hati iliyobakiza miaka 12 hainunuliwi kwa bei ya ile iliyobakiza 80, hata kama vigae vyake ni vya aina moja.

Wapo wanaouziwa fleti ambayo bado ni mchoro. Hili si haramu kwa asili yake. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walipokutana Jeddah mwaka 1992 walipitisha kwamba mkataba wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, unawafunga pande zote mbili iwapo kitu kimeelezwa aina, sifa na muda wake, na kwamba bei inaweza kulipwa kwa awamu. Kwa hiyo mchoro peke yake hautoshi. Andikeni ukubwa wa fleti kwa mita za mraba, iko ghorofa ya ngapi na upande upi, vifaa vya aina gani vitatumika, tarehe ya kukabidhiwa, na fidia gani itatolewa tarehe hiyo ikipita. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandikiana, na bado kuna ndugu zetu wanaoona kudai maandishi ni kukosa imani kwa Muislamu mwenzao.

Hesabu kabla ya matumaini

Tuchukue mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala inayouzwa shilingi milioni 180 na kupangishwa laki tisa kwa mwezi. Takwimu hizi tumeziweka sisi ili hesabu ieleweke. Kila mtu aweke za mtaa wake. Muuzaji atakuambia kwamba fleti hiyo inaingiza milioni 10 na laki nane kwa mwaka, nawe utazidisha kwa miaka kumi na kuona utajiri.

Sasa punguza. Mpangaji akihama, fleti hukaa tupu walau mwezi mmoja, hivyo ondoa laki tisa, inabaki milioni 9.9. Kodi ya Serikali kwenye pango ni asilimia 10. Toa 990,000, inabaki milioni 8.91. Mchango wa ulinzi, usafi, lifti na jenereta, tuseme laki moja kwa mwezi, ni milioni 1.2 kwa mwaka. Inabaki milioni 7.71. Matengenezo ya rangi, mabomba na kitasa kilichovunjwa, tuweke laki tisa. Mkononi mwako imebaki milioni 6.81, kabla ya dalali na kodi ya majengo. Hiyo haifiki asilimia 4 ya fedha uliyoitoa, na kwa mwendo huo mtaji wako utarudi baada ya zaidi ya miaka 26.

Hatusemi fleti haifai. Tunasema anayeinunua aijue kuwa ni akiba inayotunza thamani polepole, inayomfaa mtu mzima asiyeweza tena kusafiri kununua bidhaa Guangzhou, na haimfai kijana anayetaka mtaji wake uzunguke. Na tukiulizwa maoni yetu, kwa fedha hiyo hiyo nyumba ya chini yenye vyumba na fremu mbili mbele, katika kitongoji kinachokua, mara nyingi huleta pango zaidi kuliko fleti moja ya mjini, ingawa inahitaji mtu wa kuisimamia. Kinachopanda bei zaidi ni ardhi, na mwenye fleti katika jengo la sehemu 40 ana kipande kidogo sana cha ardhi chini ya miguu yake.

Hesabu hii ndiyo inayotufikisha kwenye mkopo. Wapo wanaotuuliza kama dharura inaruhusu kukopa benki kwa riba ili kununua fleti ya kupangisha. Tunawajibu kwamba fleti ya pili si dharura ya mtu yeyote, na uharamu wa riba hauna haja ya kuelezwa upya kwa wasomaji wa ukurasa huu. Lakini hata asiyejali hukumu na apige hesabu. Akikopa milioni 120 katika zile 180 kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 18, na fleti imemwingizia 6.81. Zinazobaki atazitoa wapi? Atazitoa kwenye mshahara, kwenye ada za watoto, au atauza fleti kwa hasara.

Kwa anayehitaji kusaidiwa mtaji, njia za halali zipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, na mabenki mengine kadhaa yamefungua madirisha yao ya Kiislamu. Katika murabaha benki hununua fleti, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu siku ya kwanza na isiyoongezeka ukichelewa. Katika musharaka yenye kupungua, mnainunua kwa pamoja, unalipa pango la fungu la benki, na kidogo kidogo unalinunua fungu hilo. Msiridhike na jina la Kiarabu juu ya fomu. Ulizeni: katika kipindi ambacho benki ni mmiliki, nani anabeba hasara jengo likiungua? Ikiwa jibu ni kwamba kila kitu kinabebwa na mteja, basi huo ni mkopo uliovalishwa kanzu. Na hata kwa njia ya halali hesabu inabaki ni hesabu. Faida ya benki nayo ikizidi pango, familia itaumia vilevile.

Njia inayotupendeza zaidi ni ya ndugu kuchanga. Watoto watano wa mama mmoja wakitoa kila mmoja kiasi chake, wakanunua fleti moja taslimu, hapana benki wala riba. Sharti lake ni kwamba majina yote yaingie kwenye hati kwa mafungu yao, na pango ligawanywe kwa mafungu hayo hayo. Tumeshuhudia fleti iliyoandikwa jina la kaka mkubwa "kwa kuwa yeye ndiye yuko Dar", na kaka alipofariki wanawe wakaapa, kwa nia safi kabisa, kwamba ni mali ya baba yao.

Kiwanja cha urithi na mwekezaji

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapopotelea.

Mwekezaji anakuja na maneno mazuri. Ninyi mna kiwanja na hamna fedha. Mimi nina fedha na sina kiwanja. Tuivunje nyumba hii kuukuu, nijenge ghorofa kumi, mimi nichukue saba, ninyi tatu. Kwa fiqhi, mapatano ya namna hii yanaweza kuwa sahihi, yakichukuliwa kuwa ni ushirika, au kuwa ni mauzo ya sehemu ya ardhi kwa malipo ya ujenzi, mradi kila kitu kijulikane. Kinachoyaharibu ni gharari, yaani ile hali ya mmoja kujua anachopata na mwingine kukisia.

Angalieni kwanza ni ghorofa zipi. Kariakoo fremu za chini ndizo zenye fedha. Fremu moja ya barabarani inaweza kuleta pango kuliko ghorofa nzima ya juu, achilia mbali kilemba anachotoa mpangaji siku ya kuingia. Mkataba unaosema "warithi watapata asilimia 30 ya jengo" bila kutaja sehemu kwa namba, mwisho wake ni warithi kupewa ghorofa ya nane, tisa na kumi, na lifti isiyofanya kazi. Dai kwamba kila upande upate fungu lake katika fremu, katika maghala na katika fleti. Mwekezaji mkweli hatakimbia.

Angalieni pili hati inakwenda wapi. Katika mikataba mingine hati ya kiwanja inahamishwa kwa jina la mwekezaji siku ya kwanza "ili kurahisisha vibali". Siku ya pili anaiweka rehani benki, tena kwa riba, na jengo likikwama ghorofa ya nne benki hailijui jina la marehemu baba yenu. Hati ibaki kwa warithi, na mkataba uzuie rehani bila saini za wote. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na bodi yake, kibali kitaje idadi ya ghorofa zinazojengwa kweli, na bima iwepo. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo la Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani yake. Aliyeridhia kuongezwa ghorofa mbili juu ya kibali, akitarajia pango lake, ana sehemu yake katika dhima hiyo mbele ya Mola wake.

Angalieni tatu nani anayesaini. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ni mtumishi wa warithi; uteuzi haumfanyi mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kutekeleza wasia, kugawa, kisha kurudisha hesabu mahakamani. Tumekutana na wasimamizi ambao wamesimamia kwa miaka kumi na tano, wamekusanya pango muda wote huo, na dada zao wanapewa "cha kufutia machozi" siku ya Idi. Fungu la mwanamke limetajwa katika Suratun Nisaa na halihitaji huruma ya kaka. Kama kuna mayatima wadogo miongoni mwa warithi, mapatano yoyote yanayopunguza fungu lao ni batili, na wote walioshuhudia wanajua kilichosemwa katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo.

Kwa kweli ghorofa, likifanywa vizuri, ni rahisi kugawa kwa faradhi kuliko nyumba ya zamani. Nyumba ya vyumba sita huwezi kuikata. Lakini chukua marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Zinazobaki saba katika nane wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: kila mwana anapata mbili ya nane na kila binti moja ya nane. Familia hiyo ikipata fleti nane zinazolingana thamani, mama anachukua moja, wana wawili wanachukua mbili mbili, mabinti watatu moja moja, na zimekwisha. Kila mmoja anaondoka na hati yake, anapangisha au anakaa, na hakuna anayemsubiri mwingine. Fleti zisipolingana, zithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, na tofauti ilipwe kwa fedha.

Lipo jambo moja ambalo karibu mikataba yote tuliyoletewa hailitaji, nalo ni mama. Nyumba inavunjwa, ujenzi unachukua miaka miwili au mitatu, naye anaambiwa atakaa kwa mwanawe Mbagala hadi jengo liishe. Miaka mitatu inakuwa sita. Mama aliyekuwa na nyumba na wapangaji anageuka mgeni wa mkamwana, bila pango na bila chumba. Kodi ya makazi yake ya muda, pamoja na fidia ya pango alilokuwa akipokea, viandikwe katika mkataba kuwa ni gharama ya mwekezaji tangu siku nyumba inapovunjwa hadi siku fleti zinapokabidhiwa. Na mwekezaji anayefika na makaratasi kabla eda ya mjane haijaisha, ile miezi minne na siku kumi, arudishwe mlangoni kwa adabu. Kama shauri lake ni zuri, litabaki zuri mwezi wa sita.

Baina ya mwenye nyumba na mpangaji

Anayepangisha anauza manufaa, na sharti za ijara ni kwamba manufaa yajulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane. Kwa hiyo kupandisha kodi katikati ya mkataba, kwa sababu tu jirani amepandisha, hakufai. Subiri muda uishe. Kupokea kodi ya miezi sita au mwaka kwa pamoja, kama ilivyo desturi yetu, kunaruhusiwa, japo ni mzigo kwa vijana wanaoanza ndoa, na mwenye uwezo wa kupokea kwa miezi mitatu atapata thawabu na pengine mpangaji mtulivu. Lakini fleti ikiacha kukalika kwa sababu isiyotokana na mpangaji, mathalani mafuriko au ufa katika nguzo, kodi ya miezi isiyokaliwa ni haki yake. Ni deni, hata kama fedha yenyewe imekwisha kutumika.

Matengenezo ya msingi, kama paa, mabomba ya ukutani na nyaya, ni ya mwenye nyumba. Taa iliyoungua na kitasa kilicholegea ni vya mpangaji. Kuna na hili la kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji. Anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki. Ni shilingi chache kwa mwezi, na kwa kuwa ni chache wengi huona haya kuzitaja. Lakini mali ya mtu haihalaliki kwa uchache wake. Andikeni katika mkataba kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya pango, au kwamba bei imekubaliwa kwa kuzingatia kwamba mpangaji ndiye atakayekilipa. Yote mawili ni sawa. Kunyamaza ndiko kusikofaa.

Siku hizi fleti nyingi zinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja kupitia simu. Fedha yake ni nyingi kuliko ya mpangaji wa mwaka, na ndiyo maana tunaulizwa sana. Kupangisha kwa muda mfupi hakuna ubaya wenyewe. Msafiri na mgonjwa aliyekuja kutibiwa Muhimbili wanahitaji pa kulala. Lakini mwenye fleti anayewapa funguo watu asiowauliza lolote, na anayejua kwa ushahidi wa mlinzi kinachofanyika usiku wa Jumamosi, hawezi kusema hajui. Kupangisha mahali huku ukijua kuwa panakusudiwa maasi kumekatazwa na jumhuri ya wanazuoni, na majirani wenye mabinti ngazi hiyo hiyo wana haki yao. Umoja wa wamiliki unaweza kuweka kanuni za jengo zima, na familia za Kiislamu zinazonunua fleti zihudhurie mikutano hiyo badala ya kulalamika barazani.

Tumalizie na zaka, maana swali lake hutufikia kila Ramadhani. Fleti ya kupangisha haitolewi zaka kwa thamani yake. Hivyo ndivyo Baraza la Fiqhi lilivyopitisha katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985: zaka ni katika pango lililopokewa, robo ya fungu la kumi, baada ya kupitiwa na mwaka likiwa limefikia nisabu. Aliyebakiwa na milioni 40 za pango na akiba nyingine zilizopitiwa na mwaka, atoe milioni moja. Hali ni tofauti kwa aliyenunua fleti kwa nia ya kuiuza bei ikipanda. Hiyo ni bidhaa ya biashara, na thamani yake ya sokoni inaingia katika hesabu ya zaka kila mwaka. Nia hiyo iwekwe wazi tangu siku ya kununua, kwa sababu tunawajua ambao fleti zao huwa za kupangisha kila Shaabani na za kuuza kila Shawwal.

Na kwa aliyejaaliwa fleti ya ziada, wakfu wa fleti moja kwa ajili ya mshahara wa walimu wa madrasa ni jambo linalowezekana kabisa sasa, kwa kuwa hati ya sehemu inaweza kuandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Katika hati ya wakfu aandike kwamba pango litangulize mchango wa jengo na matengenezo, kisha ndipo walimu walipwe. Hivyo ndivyo fuqahaa walivyoupanga wakfu tangu zamani, na ndivyo fleti hiyo itakavyoendelea kupata mpangaji.